Saa Sita za Jolana

Usiku ule Jolana hakuvua viatu. Alikaa jikoni, kwenye kiti cha karibu na dirisha, simu ameiweka mezani. Aliigeuza uso chini, akaigeuza uso juu, akaigeuza chini tena, maana aliona kama inamtazama. Ghorofani, kwenye chumba cha mwisho, Bibi Notburga alikuwa anakoroma. Nje theluji ilidondoka kimyakimya juu ya banda la kuni.

Habari aliyoingoja ilikuwa moja tu. Binti yake Radka alikuwa hospitali tangu jioni, kule kwao Slovakia, anajifungua. Na yeye Jolana alikuwa Austria, nusu siku ya safari kwa gari, kwenye nyumba ya mama wa watu.

Mimba ya kwanza ya Radka iliharibika ikiwa na miezi saba, miaka miwili nyuma. Siku ile pia Jolana alikuwa hapahapa, anamkata Bibi Notburga kucha za miguu. Aliporudi nyumbani, Radka hakulia mbele yake. Alisema tu, "Hukuwepo, mama," akaendelea kumenya viazi. Ilipoingia mimba ya pili, alingoja mpaka tumbo lionekane ndipo akasema lililobaki.

"Safari hii nakutaka kitandani kwangu. Sitaki simu, sitaki hela, sitaki chokoleti za Austria. Usipokuwepo, baki hukohuko. Mlango wangu usiugonge."

Radka si mtu wa vitisho. Akisema jambo amelipigilia msumari, na Jolana alimjua hivyo tangu akiwa mtoto, alipokataa maziwa siku moja na mpaka leo hajayanywa.

Simu ikalia. Alikuwa Ondrej, mumewe.

"Wamempeleka chumba cha kujifungulia," alisema. "Bado."

"Wewe uko wapi?"

"Niko wapi? Nyumbani."

"Si ungeenda ukakaa naye, Ondrej."

"Nikafanye nini? Mwanaume kule anakaa kwenye benchi, basi."

"Si ungekaa kwenye hilo benchi."

Ondrej akavuta pumzi. "Jola, kesho naingia saa kumi na mbili asubuhi. Acha nilale. Wakinipigia, nitakupigia."

Akakata. Jolana alijua kwamba dakika hiyohiyo amelala, tena kwa ubavu wa kulia.

Ondrej alifanya kazi kwenye kiwanda cha kupasua mbao, saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa nane mchana, siku tano, king'ora kikilia kuingia na kikilia kutoka. Saa nane na nusu yuko kwenye benchi mbele ya nyumba na bia yake. Kijiji kizima kilimhurumia. Mke yuko Austria, anajipikia supu peke yake, maskini, na hajawahi kukosa kazini hata siku moja. Wanawake wa jirani walimpelekea keki ya jibini, wakamfulia mapazia. Jolana naye, akirudi baada ya wiki mbili, walimuuliza, "Umepumzika? Umenenepa. Huko si mnakaa tu na vikongwe?"

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Wanawake wa upande ule wa Slovakia huenda Austria kwa zamu, wawili wawili kwa nyumba moja. Mmoja anakaa na mzee wiki mbili, analala palepale, anapika, anaogesha, anabadilisha nepi, anaamka usiku. Wiki mbili zikiisha, asubuhi ya Jumanne basi dogo linaleta mwenzake mlangoni na kumchukua yeye. Ufunguo unatoka mkono mmoja unaingia mkono mwingine, na mwenye kutoka hawezi kutoka mpaka mwenye kuingia ameingia.

Mwenzake Jolana alikuwa Zlatica, mwanamke mcheshi wa kijiji cha jirani, mwenye nywele alizozipaka rangi ya zabibu. Zamu zao ziliandikwa na wakala tangu mwanzo wa mwaka, lakini wanawake wale hubadilishana wenyewe kwa mdomo. Nikalie mimi leo, nitakukalia kesho. Wakala haambiwi, kwa sababu hunung'unika na hukata malipo. Wenye nyumba nao hawaambiwi, kwa sababu wakijua watampigia wakala. Hivyo ndivyo walivyofanya siku zote, na Jolana hakuwahi kuona tatizo. Krismasi iliyopita Zlatica alilia kwenye simu, mwanawe anarudi kutoka Ireland, hajamwona miaka mitatu. Jolana akamkalia. Alikaa wiki nne mfululizo, na Krismasi yake aliila jikoni kwa Bibi Notburga, amesimama.

"Shoga, umeniokoa," Zlatica alisema siku ile. "Binti yako akifika siku zake, nipigie tu. Nitakuja hata kwa miguu."

Jolana alimpigia mwezi mzima kabla. Wakapatana Jumanne. Kwenye karatasi wakala alimpangia Jolana zamu mbili mfululizo, na ya pili ilianza Jumanne hiyo, lakini Zlatica angemkalia.

Jumanne asubuhi Jolana alikuwa mlangoni tangu kabla ya kupambazuka vizuri, koti mwilini, sanduku miguuni, ufunguo umeshapata joto mkononi. Basi dogo likapanda kilima, likasimama. Mlango ukafunguka. Ndani walikuwa wanawake sita wanasinzia, na Zlatica hakuwemo.

"Hayupo," dereva alisema. "Nimepiga honi getini kwake mpaka mbwa akanichukia. Unapanda?"

"Nitapandaje? Bibi abaki na nani?"

"Mimi nayajua hayo, mama? Mimi naendesha gari."

Alivuta nusu sigara akimngojea aamue, akaitupa kwenye theluji, akaondoka. Wanawake wa ndani walimwangalia Jolana kupitia kioo, mmoja akampungia mkono kana kwamba ndiyo kwanza amefika.

Zlatica alipokea simu mara ya nne.

"Usinikasirikie, shoga. Nina fundi wa jiko la vigae, lile la kupashia nyumba joto, ndani hapa, sebule yote imefumuliwa. Fundi huyu ukimwachia leo humpati mpaka mwakani."

"Zlatica. Radka anazaa wiki hii."

"Najua, najua. Lakini mama hamzalii mwanawe, anazaa mwenyewe, si ndiyo? Wewe ulipomzaa huyo Radka, mama yako alikuwepo?"

"Alikuwepo."

"Basi ulikuwa na bahati." Nyuma yake mtu alikuwa anagonga tofali. "Halafu tuseme ukweli, Jolana, kwenye karatasi ni zamu yako. Mimi siwezi kugombana na karatasi."

Kwa hiyo Jolana akampigia Daktari.

Daktari Gernot alikuwa mtoto pekee wa Bibi Notburga. Hakutibu mtu, kule kila aliyesoma sana huitwa daktari, hata dukani. Kazi yake ilikuwa kuhesabu saa za watu. Yeye na wenzake walikusanya kutoka nchi zote za Ulaya wanaume wanafanya kazi saa ngapi na wanawake saa ngapi, wakazipanga kando kwa kando, na mara kwa mara redio ilimwita aeleze. Jolana alishamsikia, yeye akiwa anapika. Sauti yake kwenye redio ilikuwa laini kuliko mezani.

Kwenye simu alisema watazungumza mezani, akaja Jumatano jioni na mkewe, Elke. Si mtu mbaya, Daktari. Alimletea Jolana machungwa. Jolana aliandaa nyama ya kuchemsha na viazi, akamlisha Bibi Notburga kwanza, akamfuta kidevu, ndipo akakaa ukingoni mwa meza kama alivyozoea, mguu mmoja tayari kusimama.

Alitaka kusema mara moja, lakini Daktari alikuwa na hotuba wiki ijayo na kichwa kimemjaa.

"Watu wanadhani ni jambo rahisi," alimwambia mkewe. "Wanatazama hapa kwetu, nusu ya wanawake wanafanya kazi nusu siku, wanasema wavivu. Wanatazama mashariki, wanawake wanakwenda kiwandani siku nzima kama wanaume, wanasema mashujaa. Lakini jumlisha na ya nyumbani uone. Kupika, kufua, watoto, wazee. Mwanamke anampita mwanaume karibu kila nchi. Hilo ndilo nitakalowaambia."

"Waambie kwa sauti," Elke alisema. "Mimi natoka kazini saa sita mchana, na saa sita na nusu nimeshaanza kazi."

"Nawaambia kila mwaka."

Akamgeukia Jolana, uso umechangamka.

"Kwa mfano Jolana. Jolana, wewe unafanya saa ngapi?"

"Kwa siku?"

"Kwa siku."

Jolana alifikiri. "Zote," alisema.

Wakacheka, si kwa ubaya. Elke akamshika mkono.

"Hapana, hapana, tuhesabu vizuri," Daktari alisema. Akaanza kukunja vidole. "Kuwepo si kazi. Mama akilala, na wewe ukalala, hiyo si kazi. Mama akitazama televisheni, na wewe umekaa naye, hiyo nayo tutaiitaje? Ni maisha. Sasa kumwogesha, kumvisha, tuseme saa moja. Kupika, mbili. Kufua na usafi, mbili. Dawa, nepi, hili na lile, moja. Sita." Akatazama vidole vyake, akafurahi. "Saa sita. Unaona? Kwa lugha yetu wewe ni mfanyakazi wa nusu siku. Karibu sawa na Elke."

"Basi tubadilishane," Elke alisema. "Mimi nilale hapa kwenye milima, Jolana akapambane na bosi wangu."

"Usiku anaamka mara nne, Daktari," Jolana alisema. "Mara tano."

"Ndiyo, lakini dakika ngapi ngapi? Ukizikusanya hazifiki hata nusu saa."

Bibi Notburga aligonga kijiko mezani. "Huyu msichana anaiba sukari," alisema. Hakuna aliyemjibu.

Hapo Jolana akasema. Aliyasema maneno aliyoyapanga tangu Jumanne, kwa Kijerumani chake cha jikoni: kwamba binti yake anajifungua, kwamba mtoto wa kwanza alikufa, kwamba anaomba siku tatu tu. Aende, ashike mkono, arudi.

Daktari aliweka uma chini. Alimsikiliza mpaka mwisho; alikuwa msikilizaji mzuri.

"Lakini hii ni zamu yako," alisema kwa upole.

"Zlatica angekuja. Tulibadilishana. Mimi nilimkalia Krismasi."

"Krismasi?" Elke alikunja uso. "Krismasi alikuwepo Zlatica."

"Nilikuwepo mimi."

"Si Zlatica aliyepika yule samaki? Nakumbuka kabisa, tulikuja siku ya pili, nikamsifu."

"Ulinisifu mimi, Elke. Samaki nilipika mimi."

Wakamtazama kwa adabu, kama watu wazima wanavyomtazama mtoto aliyesema uongo mdogo ambao haufai kugombezwa mbele ya chakula. Jolana akaona kwamba hawakumbuki. Wala hawakuwa wanadanganya. Kwenye kumbukumbu yao kulikuwa na mwanamke jikoni mwenye aproni, na aproni ilikuwa moja.

"Tuseme ilikuwa hivyo," Daktari alisema. "Mngetuambia. Sasa nani akae na mama? Mimi wiki hii nimeshafika saa hamsini, na hotuba bado. Elke ana kazi na watoto wawili. Tukitazama kwa haki, Jolana, bila hasira, sisi sote hapa mezani, mwenye nafasi kubwa ni wewe."

Jolana alisimama kuondoa sahani, kwa kuwa ndiyo ilikuwa saa ya kuziondoa.

Walipoondoka, Elke alimkumbatia mlangoni. "Atazaa salama," alimnong'oneza. "Wasichana wa kwenu wana nguvu."

Ilikuwa usiku huohuo simu ya Ondrej ilipokuja, kisha kimya. Kulikuwa na mwingine ambaye Jolana angeweza kumuuliza habari, mkwewe Vilo, mume wa Radka. Vilo alikuwa dereva wa lori, anavusha friji mpaka Hispania. Akampigia.

"Mama," Vilo alisema kwa sauti ya usingizi, "nimekwama Ufaransa, kwenye uwanja wa malori. Mashine ya kuhesabu saa imenifunga. Saa zangu za kuendesha zimekwisha, lazima nipumzike mpaka asubuhi. Nikisogeza gari hata mita, faini."

"Radka anajua?"

"Anajua. Anaielewa kazi yangu. Alisema, lala wewe, usije ukaua mtu barabarani." Akapiga mwayo. "Wewe umeshafika?"

Jolana alisema hapana.

"Eh, mama," alisema. "Hilo sasa hatalisahau."

Bibi Notburga aliamka mara ya kwanza, akataka maji. Mara ya pili alitaka dada yake, aliyekufa zamani. Mara ya tatu alikuwa amelowa. Jolana akamgeuza, akamfuta, akamvisha, na muda wote sikio lake lilikuwa chini jikoni kwenye simu. Alijua namna ya kusikiliza vitu viwili kwa wakati mmoja. Kazi ilimfundisha hivyo. Akiwa chini alisikia kikohozi cha juu, akiwa juu alisikia maji yanachemka chini, na akilala alisikia miguu mitupu ya kikongwe ikigusa sakafu.

Kabla ya alfajiri Ondrej akapiga. "Wamemwingiza kupasuliwa," alisema. "Damu inamtoka. Hawajaniambia zaidi, na mimi sasa naingia kazini."

"Ondrej."

"Nini?"

"Nenda hospitali."

"Nikimwambia nini msimamizi? Kwamba binti yangu anazaa? Atasema, wewe ndiye daktari?" Kisha, taratibu zaidi, "Hilo lilikuwa lako, Jola. Alikuita wewe."

Basi la kwanza la kwenda stesheni lilipita chini ya kilima asubuhi mapema. Jolana akachukua mkoba. Sanduku aliliacha. Akafunga gesi, akaweka kikombe cha maziwa na mkate uliokatwa vipande vidogo karibu na kitanda, akashuka ngazi kwa ncha za vidole. Akatoka. Akafunga mlango kwa ufunguo kutoka nje, akautia ufunguo mfukoni, akashuka kilima. Angempigia Daktari akiwa ndani ya basi. Amtukane, amfukuze, amshitaki, mradi akiwa ndani ya basi.

Alifika kituoni. Taa za basi zilikuwa zimeshaonekana kwenye kona ya kanisa.

Hapo akasikia mlango. Kilima kilikuwa kimya, theluji imezima kila sauti, kwa hiyo aliusikia vizuri: viganja vinapiga mbao kutoka ndani, si kwa nguvu, lakini bila kupumzika. Hakuhitaji kuona. Alijua kikongwe ameshuka ngazi peke yake na soksi, ngazi zile ambazo hashuki bila kushikwa mikono yote miwili. Alijua atapiga mpaka achoke, na akichoka atarudi kupanda, na ni katika kupanda ndipo ataanguka.

Basi likasimama, likafungua mlango. Dereva alimwangalia. Jolana alisimama pale na mguu mmoja umeinuliwa.

"Naam?" dereva alisema.

Jolana akageuka, akapanda kilima anakimbia, anateleza, anakimbia.

Alipofungua, Bibi Notburga alikuwa amesimama na gauni la kulalia, kimkoba chake cha kanisani mkononi, midomo imegeuka bluu. Alimtazama Jolana muda mrefu, akamzaba kofi.

"Umechelewa," alisema. "Kahawa yangu iko wapi?"

Habari ilifika akiwa anachemsha kahawa hiyo. Ilikuja kwa maandishi, kutoka kwa Radka mwenyewe. Mtoto wa kike, mzima. Mimi mzima. Kizazi wamekitoa, sitazaa tena. Aliyenishika mkono ni mwanamke wa kufagia wodi, aliacha ndoo yake akaja. Nilimuuliza jina akaniambia. Mama, ulijua nilichosema.

Jolana akapiga simu. Ililia mpaka ikakatika. Akapiga kila siku wiki mbili zile, na kila siku ikakatika vilevile.

Daktari alituma pongezi zenye picha ya maua. Elke alileta mfuko wa nguo za watoto wake walipokuwa wachanga, zimefuliwa na kupigwa pasi, nzuri sana. "Unaona," alisema, "mambo yameenda vizuri bila haraka yoyote." Jioni moja redio ilimleta Daktari jikoni. Alisema kwamba ndani ya kila nyumba ya Ulaya kuna kazi isiyohesabiwa, na kwamba anayeifanya ana jina na ana uso. Alisema vizuri. Jolana alikuwa amepiga magoti anamvisha mama yake huyo Daktari soksi.

Jumanne ya kubadilishana basi dogo lilikuja, na safari hii Zlatica alishuka, nywele zimepakwa upya.

"Usininunie, shoga, mwaka umeanza vibaya kwangu pia," alisema wakipokezana ufunguo, injini ikinguruma. "Jiko lenyewe linatoa moshi. Sikia, ile Krismasi unanidai, nitakulipa Pasaka. Kikongwe yuko vipi?"

"Anashuka ngazi peke yake sasa," Jolana alisema. "Mwangalie asubuhi."

"Nitamwangaliaje, nami nalala?" Zlatica akacheka, akaingia, mlango ukafungwa.

Jolana hakupitia nyumbani. Alimwomba dereva amshushe mjini, mbele ya ghorofa la zege anakoishi Radka, akapanda ngazi na sanduku mkono mmoja na mfuko wa Elke mkono mwingine, orofa ya nne, lifti haifanyi kazi. Mlangoni palikuwa na viatu vya Vilo, vikubwa, vimewekwa upande. Ndani mtoto alikuwa analia. Ilikuwa mara ya kwanza kuisikia sauti hiyo.

Akagusa kengele.

Kilio kikasogea, kikarudi nyuma. Miguu ikaja mpaka upande wa pili wa mlango, mizito, ya mwanaume.

"Mama," Vilo alisema bila kufungua. "Usibonyeze tena, tafadhali. Nimerudi jana tu, na kesho kabla ya mchana niko barabarani. Sheria inanitaka nilale."

"Nifungulie, Vilo. Nimwone tu."

"Mimi ningekufungulia. Si mimi ninayekataa."

"Mwambie Radka nimefika."

"Amekusikia."

Jolana akaweka kiganja kwenye mbao. "Radka," alisema. "Mwanangu. Vilo naye hakuwepo. Baba yako naye alikuwa mwendo wa robo saa kutoka hospitali, hakuja."

Ikaja sauti ya Radka, karibu kuliko alivyotazamia, kana kwamba alikuwa ameegemea mlango uleule.

"Vilo alikuwa kazini," Radka alisema. "Baba alikuwa na zamu asubuhi. Wewe ulikuwa wapi, mama?"

"Na mimi nilikuwa kazini."

"Ulikuwa umekaa na bibi wa watu." Hakupaza sauti. "Yeye alikugongea mlango, ukafungua?"

Jolana alishtuka, kwa kuwa hakuwa amemsimulia mtu. Kisha akaelewa kwamba Radka hajui lolote, anauliza tu, anatupa jiwe gizani. Angeweza kusema hapana.

"Nilifungua," alisema.

Upande wa pili miguu ikaondoka, ile myepesi kwanza, kisha mizito. Mtoto akaendelea kulia, kilio kifupifupi kinachokatika katikati, na Jolana akakitambua: tumbo limejaa upepo, mtoto ashikwe wima, asuguliwe mgongo kutoka chini kwenda juu.

"Mnyanyue," alisema kupitia mbao. "Mweke begani."

Hakujua kama wamemsikia. Baada ya muda kilio kilikoma.

Mlango wa jirani ukafunguka, mwanamke akachungulia na kikapu cha taka. Alimtazama Jolana, sanduku, mfuko.

"Unangoja mtu?" aliuliza.

"Binti yangu."

"Basi kama huna cha kufanya," mwanamke alisema, "nishushie hiki. Mgongo unaniua."

Jolana alikishusha. Akapanda tena orofa nne, akaupanga mfuko wa nguo vizuri karibu na viatu vya Vilo, akakaa juu ya sanduku lake, uso kwa mlango. Taa ya ngazi ilikuwa ya kujizima yenyewe kila baada ya muda. Ikazimika. Akainuka, akaibonyeza, akarudi kukaa, anasikiliza ndani. Ikazimika tena.